Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: Bega la Barabara Lianzie Upande wa Kupanda

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: NJIA ZA BAISKELI ZA LAMI NA MILIMA YAKE, MKOA WA DODOMA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tunakuandikia wewe badala ya ofisi moja ya ujenzi kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti wa Bodi ya Barabara ya Mkoa, na tunachokiomba kinawagusa TANROADS, TARURA, Polisi wa Usalama Barabarani na halmashauri kwa wakati mmoja. Kikigawanywa vipande, kila ofisi itasema kipande kilichobaki si chake.

Ombi lenyewe ni dogo kuliko linavyosikika. Hatuombi barabara mpya. Hatuombi njia ya matofali ya rangi katikati ya jiji, ambayo wiki ya pili itakuwa maegesho ya bajaji. Lami ipo, milima ipo, na mandhari hayahitaji bajeti. Tunaomba barabara mbili za mkoa huu zitambuliwe rasmi kuwa njia za baiskeli, na kila zinapofikiwa na matengenezo ya muda maalumu, bega (ule ukanda wa kando ya njia ya magari) la upande wa kupanda lishughulikiwe kabla ya bega la upande wa kushuka. Kwa nini upande mmoja? Tutaeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo ubishi huanzia.

Barabara ya kwanza ni ya Kondoa, hadi Bereko, karibu na mpaka wa Manyara. Ni sehemu ya barabara ya Dodoma–Babati ya kilomita 251 iliyozinduliwa mwaka 2018, na wanaovuka Afrika kwa baiskeli kati ya Cairo na Cape Town wanaijua vizuri. Ukitoka mjini unapita Msalato na Makutupora, unafika Mayamaya kwenye kilomita ya 44 hivi, kisha Chemba, na Kondoa mjini ni karibu kilomita 160. Mpaka hapo miinuko ni mirefu lakini si mikali. Anayechosha ni jua na upepo. Mlima unaanza baada ya Kondoa. Kilomita ishirini na kitu mbele yake ni Kolo, lango la michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kutoka Kolo barabara inakwea Milima ya Irangi kuelekea Bereko kabla ya kushuka upande wa Bonga na Babati. Kwa mwendesha baiskeli wa barabarani hicho ndicho kipande bora kuliko vyote Tanzania ya kati: lami, kona, ubaridi wa mlimani, na sababu ya kusimama njiani. Anayetaka kufika Mongomi wa Kolo, kwenye michoro yenyewe, aache baiskeli ya tairi nyembamba kijijini, kwani njia ya kwenda huko ni ya mawe na mchanga.

Ya pili ni barabara ya Iringa, mpaka Mtera. Inapita Mpunguzi kwenye mashamba ya zabibu, inafika Fufu kwenye kilomita ya 70 hivi, ambako ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu, kisha bwawani. Jiji la Dodoma liko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Mtera likijaa kabisa, maji yako mita 698.5. Anayekwenda anashuka zaidi ya mita 400 kwa jumla, na anayerudi anazilipa zote, pengine saa nane mchana, akianzia mahali penye joto la karibu nyuzi tatu zaidi ya mjini. Njia hii huwadanganya wageni: asubuhi wanajiona hodari, jioni wanatafuta lori la kuwabeba. Mbele ya Mtera kuna mlima Nyang'oro, mkali na mzuri kuliko Fufu, lakini huo ni wa jirani yako wa Iringa na tunamwachia.

Barabara ya Singida haimo katika ombi letu, na tungependa isiwemo katika mpango wowote wa baiskeli kwa sasa. Kushuka hadi Bahi na kupanda upande wa pili kwenda Manyoni ni safari tamu kwenye ramani. Ila ndiyo njia ya malori ya mizigo yanayokwenda Rwanda na Burundi, na upepo wa Dodoma sehemu kubwa ya kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo anayekwenda Bahi asijisifu kwa kasi yake. Atakutana na huo upepo wakati wa kurudi, huku semi-trela zikimpita ubavuni. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, wengi wataiona kuwa ndiyo uwanja wetu. Ina njia nne, magari yatakimbia, na haina mlima wa maana. Kwa mazoezi mafupi ya kupanda na kushuka, barabara za ndani za UDOM na upande wa Iyumbu zinatosha.

Sasa tuje kwenye bega.

Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 10, akipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 10 kwa saa, anahitaji kama wati 150. Karibu zote zinakwenda kubishana na uzito; upepo na msuguano wa tairi vinachukua kidogo tu. Mwinuko ukifika asilimia 10 kwa kasi ileile, zinahitajika karibu wati 240, na watu wengi hawawezi kuzitoa kwa zaidi ya dakika chache. Anapunguza mwendo hadi 6 au 7. Baiskeli ikienda taratibu hivyo haiendi mstari mmoja: inayumba, na mtu akisimama juu ya pedeli anaitupa kushoto na kulia sentimita 20 au 30. Upana wa mwili na usukani ni kama sentimita 70. Ongeza kuyumba kwa pande zote mbili, unapata mita 1.1 kwa uchache, na mita 1.5 ndiyo inayompa dereva wa basi nafasi ya kupita bila kuvuka mstari wa katikati kwenye kona.

Hiyo ni baiskeli ya gia. Baiskeli nyingi za mkoa huu si hizo. Baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, tairi la inchi 28, inasogea kama mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa kilomita 10 kwa saa pedeli inazunguka mara 31 tu kwa dakika, na ukiweka gunia la mahindi au la mkaa nyuma, goti la binadamu haliwezi kukanyaga hivyo mlima mzima. Anashuka anasukuma. Na hapa kuna jambo ambalo wasanifu wa barabara husahau: mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo anachukua nafasi kubwa kuliko anayeiendesha, kwa sababu yeye yuko pembeni ya baiskeli na mzigo umetanuka pande zote mbili. Bega la mita moja halimtoshi, na mara nyingi yeye ndiye anayetembea upande wa magari ili baiskeli isitumbukie mtaroni.

Upande wa kushuka mambo yamegeuka. Mwenye baiskeli ya gia anashuka kwa kilomita 45 au 50 kwa saa, kasi iliyo karibu na ya magari yenyewe. Hapaswi kuwa begani kabisa, maana begani kuna mchanga, kokoto zilizobanduka na mbuzi. Mahali pake ni ndani ya njia, mita moja kutoka ukingoni, akionekana. Tofauti ya kasi kati yake na basi ni ndogo. Anayepanda kwa 8 huku lori likija kwa 40 ana tofauti ya 32 na hana pa kukimbilia. Hatari ya kugongwa kwa nyuma iko juu ya mlima unaopandwa, na fedha ianzie huko.

Chukua mfano wa barabara yenye njia mbili za jumla ya mita 6.5 na mabega ya mita 1.5 kila upande. Jumla ni mita 9.5. Kwenye mlima, mstari wa katikati na mistari ya pembeni ikisogezwa nusu mita kuelekea upande wa kushuka, bega la kupanda linakuwa mita 2.0 na la kushuka mita 1.0. Njia za magari hazijapungua hata sentimita. Hakuna ardhi mpya iliyochukuliwa, hakuna kifusi, hakuna fidia. Ni rangi tu, na rangi hupakwa upya kila lami inapofunikwa.

Mhandisi wako atakuwa na hoja moja ya kweli, na ni bora tuitaje wenyewe. Mara nyingi bega halijengwi kwa tabaka zenye nguvu sawa na za njia ya magari. Ukihamisha mstari, tairi za kushoto za malori yanayoshuka zitakanyaga ile nusu mita iliyokuwa bega, na kama chini yake tabaka ni dhaifu, itatitia na kupasuka kwa urefu baada ya msimu wa mvua. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuangalia michoro ya mwisho ya ujenzi: tabaka la msingi linaishia wapi? Likipita chini ya bega, sogeza mstari. Lisipopita, usisogeze, badala yake ongeza nusu mita upande wa kupanda pekee wakati wa matengenezo, kwa tabaka kamili. Nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeacha hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu.

Bega likishapatikana, mambo mawili hulifanya lisitumike hata likiwa pana. La kwanza ni kokoto. Bega likifunikwa kwa kokoto za milimita 14 bila tabaka la pili la kokoto ndogo, baiskeli inatetemeka kiasi kwamba mtu anarudi kwenye njia ya magari iliyo laini. Halafu dereva anamwona mkaidi. Tabaka la juu la kokoto za milimita 7 linamaliza ugomvi huo. La pili ni ukingo: lami ikiwa juu ya udongo kwa zaidi ya sentimita 5, gurudumu lililoteleza nje haliwezi kurudi kwa kukata pembe ndogo, linasugua ukingo na mtu anaanguka kuelekea ndani, yaani kwenye magari. Katika Milima ya Irangi mvua hula udongo huo haraka. Ni eneo lililokuwa na mmomonyoko mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 na mifugo ikahamishwa mwaka 1979. Udongo mwekundu unaotoka ukingoni huishia kwenye lami chini ya mteremko, hasa mahali pa kalvati, ukiwa tope mwezi Januari na vumbi laini la kutelezesha mwezi Juni. Kujaza ukingo na kuzoa udongo huo kila baada ya mvua kubwa ni kazi ya koleo na toroli. Iandikwe waziwazi kwenye mikataba ya vikundi vya matengenezo ya kawaida, kilomita kwa kilomita, la sivyo haitafanywa.

Kwenye miteremko ombi letu ni kuhusu rasta, ile mistari iliyoinuka barabarani ya kupunguza mwendo wa magari.

Hatupingi rasta wala matuta vijijini. Watoto wanavuka, na sheria ya kilomita 50 kwa saa haijilindi yenyewe. Tatizo ni mahali na umbo. Baiskeli ya tairi la milimita 28 ikigonga kingo ya sentimita 2.5 kwa kilomita 45 kwa saa, tyubu inabanwa kati ya rimu na kingo na kutoboka matundu mawili sambamba. La mbele likiishiwa upepo kwenye kona, usukani haugeuki tena. Breki nazo zina mipaka. Kwenye mteremko wa asilimia 8, lami kavu, mtu mzoefu mwenye breki nzuri akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa anahitaji kama mita 44 kusimama, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka. Mbeba mkaa mwenye breki za vyuma zinazobana rimu kwa shida, hata akiwa kwenye 25 tu, anahitaji zaidi ya mita 40. Na huyu wa pili ana tatizo jingine: baiskeli, mtu na mzigo vikiwa kilo 190, kushuka mita 300 kwa kubana breki njia nzima kunazalisha joto la kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji, na joto hilo lote linaingia kwenye rimu mbili na vipande vinne vya mpira. Mpira unalainika, breki inakuwa ya mapambo. Ndiyo sababu utawaona wengine wakifunga tawi nyuma liburuzwe. Wanajua wanachofanya.

Kwa hiyo: kibao cha onyo kiwe mita 200 kabla ya rasta ya kwanza upande wa kushuka, rasta zisiwekwe ndani ya kona, bali kwenye sehemu iliyonyooka baada yake au kabla yake, na ziishie mita moja kabla ya ukingo wa lami, badala ya kuvuka bega lote. Tutaambiwa bodaboda watapita kwenye huo mwanya. Watapita. Hata sasa wanapita, nje kabisa kwenye mchanga, wakiwafukuza watembea kwa miguu. Mwanya wa mita moja hauwafai magari, na magari ndiyo yaliyolengwa.

Miiba ni jambo dogo ambalo ofisi hucheka likitajwa, kumbe ndilo linalosimamisha safari nyingi kuliko milima yote. Iko ya aina mbili. Mbigili hutambaa pembezoni mwa lami, hukomaa mvua zikikatika, na kuanzia Mei mbegu zake kavu zimelala begani kila moja ikiwa na ncha iliyotazama juu. Dawa ni kuipalilia mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili kabla haijazaa. Ukifyeka Juni umesambaza mbegu. Ya pili ni migunga. Wafyekaji wa hifadhi ya barabara hukata matawi na kuyaacha yaanguke palepale, yanakauka, lori linayapita, miiba inasambaa begani. Mkataba useme matawi yaburuzwe ng'ambo ya mtaro. Gharama yake ni jasho la nusu saa kwa kila kilomita.

Kuna jambo la takwimu. Mahali pengi magari yakihesabiwa, baiskeli huachwa au hutupwa kwenye fungu la "mengineyo". Tunaomba hesabu ifanyike Kolo na Fufu, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa siku 7 mfululizo, siku ya mnada ikiwemo, baiskeli zikitenganishwa kwa mwelekeo na kwa hali: anaendesha, anasukuma, ana mzigo, hana. Safu hiyo ya wanaosukuma ndiyo itakayokuonyesha mlima unaanzia wapi kwa watu wa kawaida. Ukiweka bega pale wanaposhukia kwenye baiskeli, hujakosea.

Vibao vya mlima navyo visiwe vya kukisia. Mgeni akifika Kolo akute kibao chenye jina la mlima, urefu wake kwa kilomita, mwinuko wa wastani, mwinuko mkali kuliko wote, na mita za kileleni. Halafu kila kilomita kibao kidogo kinachosema zimebaki ngapi na kilomita inayofuata ina asilimia ngapi. Wastani hupatikana kwa kugawa mita zilizopandwa kwa mita za urefu wa barabara: kupanda mita 300 katika kilomita 6 ni asilimia 5. Lakini wastani peke yake hauna maana mlima ukiwa na mteremko katikati, kwa sababu mita ulizoshuka huficha ukali wa zile ulizopanda. Na tafadhali simu isitumike kama kipimo. Kosa la mita 5 tu kwenye kimo, ukilipima ndani ya mita 100, linageuza mwinuko wa asilimia 6 kuwa 11, na kwenye mitandao tayari kuna milima ya ajabu ambayo haipo. Michoro ya ujenzi ina mwinuko wa kila sehemu, umepimwa na wapima ardhi kwa vyombo vyao. Takwimu ziko kabatini. Zinahitaji kunakiliwa tu.

Maji. Mtu anayepanda kwenye joto la nyuzi 30 anahitaji nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na chupa mbili za baiskeli ni lita 1.5. Kwa hiyo pasiwe na zaidi ya kilomita 25 kati ya sehemu moja ya maji na nyingine, na kwenye mapando zaidi ya 15. Hatuombi visima vipya. Vituo vya maji vya vijiji na zahanati za kando ya barabara vipo. Kinachotakiwa ni kibao barabarani, na kwa kuwa maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi, kibao kiseme kama yanafaa kunywewa na mtu asiyeyazoea.

Kwa matengenezo, kila kijiji kikubwa kina fundi baiskeli chini ya mti, na ni hodari. Atakunyooshea rimu kwa jicho tu. Anachokosa ni vipuri vya baiskeli za siku hizi: pampu yake haiingii kwenye valvu nyembamba, na tyubu alizonazo ni za inchi 26 na 28 za kizamani. Halmashauri ikichagua mafundi wanne, Mayamaya, Chemba, Kondoa na Kolo, na kuwapa kila mmoja pampu ya kusimama yenye geji, adapta za shaba 5 za valvu, tyubu 6 za tairi la 700 zenye upana wa milimita 25 hadi 32, kifaa cha kukatia mnyororo, viungio vya mnyororo wa gia 8 hadi 11, waya 4 za breki na 4 za gia, spoku za urefu mchanganyiko, solusheni na viraka, tumepata njia yenye huduma kwa gharama isiyofikia ya mkutano mmoja wa hotelini. Wauze kwa bei yao. Kipuri cha bure huisha wiki ya kwanza na hakirudi.

Mashindano tunayataja kwa kifupi kwa sababu ndiyo kila mtu hukimbilia kuanza nayo. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na milima ndiyo iliyoyabeba. Sisi hatuko huko bado. Lakini treni ya SGR inamleta mtu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa tatu na ushee hadi nne, na mbio ya siku moja ya kupanda kutoka Kolo hadi Bereko inawezekana bila kufunga barabara siku nzima: polisi wa pikipiki mbele na nyuma, magari yanasimamishwa kwa muda msafara unapopita, kuanza saa 1 asubuhi kabla jua na upepo havijapanda, na barabara ifagiliwe jana yake mchana, si wiki iliyotangulia. Tungeomba pia ofisi yako izungumze na Shirika la Reli kuhusu baiskeli iliyofunguliwa magurudumu na kuwekwa kwenye mfuko wa sentimita 130 kwa 80 kwa 30: ipokelewe kwa utaratibu ulioandikwa, abiria ajue kabla hajafika stesheni.

Kuhusu Polisi, ombi ni moja. Kwenye mapando yote mawili kiwekwe kibao cha kuwataka madereva waache mita 1.5 wanapompita mwenye baiskeli, na kingine mita 150 kabla ya kila mgongo wa mlima unaoficha walio mbele. Askari wakiwa na tochi za kupimia mwendo wakae karibu na kileleni siku moja moja, badala ya mlangoni mwa kijiji kila siku. Pale mlangoni madereva wanapajua.

Tunapendekeza ukaguzi wa pamoja kabla ya kikao kijacho cha Bodi, na ufanyike kabla mvua za Desemba hazijaanza. Kilomita 8 za kwanza kutoka Kolo kuelekea Bereko zinatosha. Aje mhandisi mmoja wa TANROADS na michoro ya mwisho ya ujenzi ya kipande hicho, askari mmoja wa usalama barabarani, na mtendaji wa kijiji. Sisi tutaleta tepu ya mita 5, rula ya chuma ya kupimia kina cha ukingo, kipima mwinuko, chokaa ya kuwekea alama, na baiskeli mbili: moja ya gia, na moja ya gia moja yenye gunia la kilo 60. Kila mita 200 tutaandika upana wa bega la kupanda, kina cha ukingo, aina ya kokoto, na umbali wa rasta iliyo karibu. Ni kazi ya asubuhi moja. Kama mhandisi atapenda kuendesha ile yenye gunia, itakuwa tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Waendesha baiskeli wa barabarani na mafundi baiskeli,
Dodoma.

Nakala kwa:
Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Dodoma
Meneja wa TARURA, Mkoa wa Dodoma
Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Dodoma
Wakurugenzi wa halmashauri za Kondoa, Chemba na Chamwino